Chombo Kikiipita Nuru, Saa Inasemaje?

Ndugu waandishi, utangulizi naomba tuuruke. Nuru inakwenda kilomita 299,792 kwa sekunde, na Proxima Centauri, nyota iliyo jirani zaidi na Jua, iko miaka ya nuru 4.2 kutoka hapa, yaani hata nuru yenyewe huchukua miaka 4.2 kufika. Mwandishi anayetaka shujaa wake aende nyota za mbali na kurudi awakute aliowaacha, humpa chombo kinachoipita nuru. Chombo sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu, na nimeusema mara nyingi, ni kwamba mwandishi huyo hujaza kurasa kwa habari za injini, na saa haigusi hata kwa sentensi moja!

Tuchukue vyombo viwili vinavyopishana angani, kila nahodha akimwona mwenzake akienda zake kwa asilimia 80 ya mwendo wa nuru. Wanapopishana, wote wawili wanaanzisha saa zao kwenye sifuri. Tangu Einstein atupe nadharia yake mwaka 1905, tunajua kila mmoja atahesabu kuwa saa ya mwenzake inakwenda polepole: zikipita dakika 60 kwangu, kwako zimepita 36. Nawe ukinihesabu mimi, ni vivyo hivyo. Hakuna aliyekosea.

Sasa wapeni ile redio ya kwenye riwaya zenu, inayofikisha ujumbe papo hapo. Zimetimia saa 10 tangu wapishane, mwamba unatoboa ubavu wa chombo cha nahodha wa kwanza. Anatuma: "Tumegongwa!" Kwa hesabu yake, saa ya mwenzake muda huo inasoma 6, na ndipo ujumbe unapopokewa. Mwenzake anajibu hapo hapo: "Kuna mwamba, ukwepeni!" Lakini naye ana hesabu yake: kwake zikiwa zimepita saa 6, kwa yule wa kwanza zimepita saa 3 na dakika 36. Jibu linaingia wakati huo. Nahodha anasoma onyo, anageuza chombo, mwamba unapita pembeni. Basi ile "Tumegongwa!" ilitumwa na nani?

Najua mtaniambia, "Changu hakikimbii, kinakunja anga." Sawa. Miguel Alcubierre, mwanafizikia wa Mexico, alichapisha hesabu za namna hiyo mwaka 1994, nazo zinadai nishati hasi ambayo hakuna anayejua pa kuipata kwa wingi huo. Lakini mimi siulizi habari za injini! Kunja anga, toboa njia ya mkato, fanya utakavyo: ukiwahi kufika kabla ya nuru, na kila msafiri akawa na ruhusa hiyo sawasawa, zile saa 3 na dakika 36 zinakungoja.

Na anayesema "ni hadithi tu"? Hadithi ndiyo yenye deni kubwa zaidi. Sura ya mwisho meli nzima inateketea, msomaji analia, kumbe yeyote mwenye redio angeweza kuwaonya tangu jana yake. Umemliza bure.

Dawa ipo. Chagua saa moja itawale ulimwengu wako wote. Mnururisho wa mikrowevu uliobaki tangu enzi za mwanzo za ulimwengu umejaa kila mahali, na Jua letu linasafiri kwa takriban kilomita 370 kwa sekunde ukilinganisha nao. Mweleze msomaji kwamba kila redio na kila chombo hufuata saa ya aliyetulia ndani ya mnururisho huo. Hapo jibu haliwezi kumrudia mtumaji kabla hajauliza. Ndiyo, umempinga Einstein, aliyekataa kuwepo kwa saa ya upendeleo, ila umempinga waziwazi. Na umepata cha kuandika: nahodha anayekwenda kasi sana atahesabu kuwa baadhi ya jumbe zimefika kabla ya kutumwa, na hana njia yoyote ya kuitumia nafasi hiyo kujiokoa. Andikeni huyo!

Nilitaka tuzungumzie na mafuta, lakini muda umenibana. Nisiache hili: chombo kinachoibuka ghafla kando ya nyota nyingine bado kina mwendo kilioondoka nao, na nyota mbili huweza kupishana kwa makumi ya kilomita kwa sekunde. Wengi wenu mnaibuka na kutua papo hapo. Huo mwendo mnaupeleka wapi? Haya, nani ana swali?