Kuweka waifai nyumbani bila kuvuruga waya uliopo

Jambo ndugu zangu, karibuni. Leo niko hapa Bukavu, upande wa Nguba, katika nyumba ya mteremkoni kama zilivyo nyingi mjini kwetu: sebule iko juu karibu na barabara, vyumba viko chini upande wa ziwa. Intaneti inaingia kwa waya hadi kwenye modemu ya sebuleni, na kompyuta ya mezani ya baba inaipata vizuri. Watoto huko chini hawana kitu. Tutawaletea waifai, na kompyuta ya baba itabaki kwenye waya wake.

Kwanza fungua ukurasa wowote kwenye kompyuta hiyo. Ukigoma, simama hapo. Tatizo liko kwenye modemu au kwa anayekuuzia mtandao, na ruta mpya, yaani kifaa cha kusambaza waifai, haitaliponya.

Sasa ruta yenyewe. Usiiunganishe na modemu bado! Hapa naomba twende polepole. Kila simu au kompyuta inayoingia mtandaoni hupewa anwani, na hapa nyumbani anayezigawa ni modemu. Ruta nayo imetoka kiwandani ikigawa anwani zake. Ukiziunganisha hivi hivi, nyumba inapata wagawaji wawili: simu hii inapewa anwani na huyu, ile na yule, na pengine vyote viwili vinajiita 192.168.1.1. Niliwahi kumaliza nusu siku Kadutu, kwa mama mmoja ambaye intaneti yake ilikuwa inakuja na kupotea. Alikuwa amekwisha kununua waya mpya mara tatu, na waya wa kwanza ulikuwa mzima. Iliniuma sana.

Kwa hiyo washa ruta peke yake, uiunganishe na laptopu kwa waya mfupi kwenye tundu la LAN, yaani la vifaa vya ndani ya nyumba. Geuza ruta, soma anwani kwenye kibandiko cha chini, iandike kwenye kivinjari. Ukishaingia, badilisha neno la siri la kiwandani. Kisha ipe waifai jina, chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, na uweke neno la siri refu. Herufi 8 ndizo chache kabisa zinazokubaliwa. Mimi siweki chini ya 12. Namba yako ya simu usiitumie, majirani wanayo.

Tunakuja kwenye anwani. Modemu hii ni 192.168.1.1, na mipangilio yake inaonyesha kwamba inagawa anwani ambazo namba ya mwisho ni kuanzia 100 hadi 200. Ruta naipa 192.168.1.2, nje ya fungu hilo. Nahifadhi, inajizima na kuwaka, naingia tena kwa anwani mpya. Sasa natafuta palipoandikwa DHCP, ndio huo ugawaji wa anwani, nazima, nahifadhi. Mgawaji amebaki mmoja.

Chukua waya mrefu: upande mmoja kwenye LAN ya modemu, upande wa pili kwenye LAN ya ruta. Lile tundu la WAN, yaani la intaneti ya kutoka nje, ambalo mara nyingi lina rangi yake peke yake, liache wazi. Kama modemu yako ina tundu moja tu, waya wake uingie kwenye ruta, na kompyuta ya baba ichomekwe kwenye LAN nyingine ya ruta hiyo hiyo. Itafanya kazi kama zamani.

Waya huu unaweza kufika mita 100, kwa hiyo usiibane ruta sebuleni. Mimi naipandisha ukutani penye ngazi, katikati ya nyumba, mbali na friji na kabati la chuma. Huko chini, nyuma ya kuta za matofali, tumieni waifai ya masafa ya GHz 2.4; ile ya GHz 5 ina kasi zaidi lakini ukuta unaichosha. Majirani wakiwa wengi, jaribu chaneli (njia za mawimbi) 1, 6 na 11 za GHz 2.4, uone ipi imetulia.

Shukeni sasa na simu hadi chumba cha mwisho. Mnaona? Imeshika.

Bado radi. Wanasayansi waliohesabu radi kwa satelaiti waliiweka Kabare, eneo linalozunguka mji wetu, ya 2 duniani, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Kuzima kwa kitufe hakutoshi, kwa sababu radi hupita hata kwenye waya wa intaneti. Ukisikia ngurumo za mbali, chomoa modemu na ruta kwenye prizi, na uchomoe pia waya unaotoka nje. Mvua ikipita, rudisha modemu kwanza, taa zake zitulie, ndipo uwashe ruta.