Akikosea Mwanafunzi, Nani Analipa? Mhadhara kuhusu Kujifunza Kazini Mtoto Akiwa Bado Sekondari

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Wakuu wa shule, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi mafundi wa hapa Tanga mliofunga vibanda siku ya kazi mkaja: asanteni sana. Najua kibanda kikifungwa asubuhi mteja anahamia kwa jirani, kwa hiyo sitazunguka.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwapatia wanafunzi wa sekondari nafasi za kujifunza kazini. Kila nilipoisikia mada hii ikizungumzwa, iliishia kwenye lawama. Sisi walimu tunasema mafundi hawafundishi, wanawatuma watoto chai. Mafundi wanasema watoto wa siku hizi hawana adabu ya kazi, macho yako kwenye simu. Wazazi nao wanauliza: nimlipie mwanangu nauli akafagie gereji? Leo mimi nimekuja kumtetea fundi anayempa mwanafunzi ufagio. Msigune, nitaeleza.

Tuanzie kwa fundi cherehani. Mteja kaleta kitambaa cha suti, mita tatu, cha drafti, kakinunua kwa hela yake. Pale kibandani yuko kijana wa fildi, yaani mafunzo ya kazini, Kidato cha Tatu. Siku za kwanza atatoa nyuzi, atapiga pasi, atafunga vifungo, atakunja pindo. Akionekana ana mkono mzuri atapewa mshono wa ubavuni wa suruali, kwa sababu mshono ukienda upogo unafumuliwa, unarudiwa, na mteja hajui kitu. Mkasi hapewi. Akikata mguu wa kulia bila kulinganisha miraba na wa kushoto, au akisahau kuacha nafasi ya mshono, ile suti imekwisha. Na mteja akija hamtafuti mwanafunzi. Anamtafuta fundi.

Sasa niambieni, ujuzi wa kushona uko wapi? Kunyoosha mshono kijana anajifunza kwa wiki chache. Kazi yenyewe ni kumpima mtu ambaye bega moja limeshuka, kumchorea kwa chaki, halafu kukata mara moja tu bila kurudia. Mtoto anaweza kukaa kwa fundi hadi fildi inaisha, fomu ikajaa saini na muhuri, akarudi shuleni hajagusa kile alichokwenda kujifunza. Na hakuna aliyemdhulumu. Fundi kalinda mali ya mteja.

Gereji ni vilevile. Kumwaga oili na kubadili chujio atapewa mapema. Kufungua injini atasimama kando ashike tochi. Kwenye ujenzi wote mnamjua saidia fundi: anachanganya udongo, anabeba karai, anapandisha matofali. Timazi na pembe za nyumba ni za fundi mwenyewe, maana pembe ikipinda ukuta mzima unaifuata, na mwenye nyumba analiona kosa kila siku anapotoka mlangoni.

Kwa hiyo mtu akiniuliza tutapataje nafasi nyingi za wanafunzi kazini, mimi namrudisha nyuma kidogo. Nafasi ya kusimama karibu na kazi tunazo tele, mji mzima umejaa mafundi. Tunachokosa ni nafasi ya kukosea. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini hawakutuambia koleo jipya linanunuliwa na nani.

Wazee wetu walikuwa na jibu lao. Mzazi alimpeleka kijana kwa fundi seremala, au mshonaji, au mhunzi, akamkabidhi. Kijana alikaa miaka. Mwaka wa kwanza alikuwa hasara tupu: anakula, anaharibu, anauliza. Miaka ya mwisho alikuwa anafanya kazi ya fundi kamili kwa ujira wa mwanafunzi, na hapo fundi alirudisha chake. Siku ya kuhitimu akatoa kilemba, akaruhusiwa kwenda kufungua chake. Sisemi ulikuwa mpango wa haki mia kwa mia. Wapo waliocheleweshwa makusudi kwa sababu walikwisha kuwa na faida. Lakini hesabu ilikuwa inafunga. Hasara ya mwanzo ililipwa na faida ya mwisho.

Uswisi wanafanya hesabu hiyohiyo kwa karatasi na mihuri. Kule vijana wapatao theluthi mbili wakimaliza elimu ya lazima wanaingia mafunzo ya ufundi, na wengi wao wana mkataba na kampuni. Mkataba unasainiwa na mwajiri na kijana, na mzazi kama kijana hajafikia umri. Siku tatu au nne kwa wiki yuko kazini, siku moja au mbili yuko shuleni, kwa miaka mitatu au minne. Kampuni inajua mwaka wa kwanza italipia makosa. Inakubali kwa sababu kijana hatawakimbia baada ya wiki sita. Halafu kuna jambo ambalo huwa halitajwi sana: yule mfanyakazi anayemsimamia kijana lazima naye apite kozi, saa 40, ya namna ya kufundisha. Kwao kuijua kazi peke yake hakukufanyi mwalimu.

Sisi tunampelekea fundi mtoto likizo ya Juni, wiki kadhaa, anafika wiki ya kwanza haya imemjaa, ya pili anaanza kujua spana zinakaa wapi, ya tatu kidogo anasaidia, halafu anaondoka. Mwakani tunaleta mwingine. Fundi kila mara anabaki na ule mwaka wa hasara tu, ule wa faida haumfikii kamwe. Mngekuwa ninyi mngempa nini zaidi ya ufagio?

Liko jambo moja la Chicago ambalo napenda wakuu wa shule walisikilize vizuri. Mwaka 1996 Wajesuti, shirika la mapadre wa Kikatoliki, walifungua pale sekondari inayoitwa Cristo Rey, kwenye mtaa wa wahamiaji wasio na uwezo wa ada. Wakabuni hivi: nafasi moja ya kazi ofisini inashikwa na wanafunzi wanne, kila mmoja anakwenda takriban siku tano kwa mwezi, na malipo ya ile kazi yanaingia kwenye gharama za masomo yao. Mtindo huo umeenea kwenye shule nyingi za Marekani. Zile ni kazi za ofisi, mafaili na simu, wala sisemi tuige hivyo hivyo. Ninachokipenda ni kwamba waliangalia shida ya mwajiri kwanza. Mwajiri anataka kiti chake kiwe na mtu mwaka mzima. Basi kiti kikapata mtu mwaka mzima, na hakuna mtoto aliyeacha darasa.

Hebu tuichukue hiyo tuipeleke gereji. Wanafunzi wanne, wawili wa Kidato cha Pili, wawili wa Kidato cha Tatu, fundi mmoja huyohuyo, kila mmoja na siku yake ya wiki, muhula baada ya muhula. Mkubwa anamwelekeza mdogo mambo ya chujio na oili, fundi anabaki na muda wa kumwonyesha mkubwa namna ya kusikiliza injini. Mwaka unaofuata wale wadogo ndio wakubwa. Fundi haanzi upya kila Juni.

Mtasema ratiba haikubali. Ni kweli, ratiba ya elimu jumla haikubali. Lakini mtaala mpya umetupa mlango. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imegawa sekondari mikondo miwili, jumla na amali, yaani ufundi, na watoto wa kwanza wa amali waliingia Kidato cha Kwanza Januari 2024. Kwenye amali vitendo ndivyo somo lenyewe. Mkuu wa shule anayepanga vitendo vyote viwe vipindi vya dakika arobaini, kengele ikigonga mtoto anaacha randa katikati ya ubao, huyo anajifungia mlango mwenyewe.

Sasa turudi kwenye koleo. Jibu langu ni kwamba makosa ya kwanza yafanyike kwetu, kwenye karakana ya shule, kwa hasara ya shule. Mtoto asikate kitambaa kwa mara ya kwanza maishani kwenye suti ya mtu. Akate marekani, kile kitambaa cha bei nafuu. Akate mita na mita za marekani, aharibu, achore tena. Na kitambaa hicho kiingie kwenye bajeti ya shule kwa jina lake, kama chaki za ubaoni zinavyoingia, kisifichwe chini ya mengineyo ili kikatwe cha kwanza fedha zikipungua.

Majirani zetu wa Kenya walionja hili. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, ulipoanza mwaka 1985 ulijaa ufundi: useremala, uashi, ushonaji, sayansi kimu. Nia njema kabisa. Lakini karakana na vifaa viliwaelemea wazazi na shule, na baadaye masomo mengi ya namna hiyo yakapunguzwa. Wazo halikufa kwa ubaya wake. Lilikufa kwa bei ya mbao.

Na karakana ikishapata vifaa, ipewe kazi ya kweli. Hapa hapa Tanga tuna mfano wa zamani sana. Shule ya serikali waliyoifungua Wajerumani miaka ya 1890 ilikuwa na mafunzo ya ufundi, na mwanzoni mwa karne ya 20 gazeti la Kiswahili la Kiongozi lilitolewa na kuchapwa shuleni hapo, hadi Vita Kuu ya Kwanza ilipolisimamisha. Simsifii mkoloni; alitaka makarani na wachapaji wa kumtumikia. Lakini fikirini kijana anayepanga herufi za madini ya risasi moja moja akijua kuna mtu Kilwa na mwingine Tabora watalisoma. Herufi ikipinduka inaonekana pwani yote. Na hasara ya karatasi iliyoharibika ilikuwa ya shule, siyo ya mteja.

Kila Januari tunapokea Kidato cha Kwanza, na kila mzazi anahangaika na sare. Kwa nini sketi na mashati ya shule yenye mkondo wa ushonaji yashonwe kwingine? Madawati yaliyovunjika miguu yamerundikwa nyuma ya bweni, na darasa la uchomeleaji liko mita hamsini kutoka hapo likichomelea vipande vya nondo visivyo na kazi. Hii mimi inaniuma.

Mwalimu Nyerere aliiona mapema. Kwenye Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alitaka shule iwe pia shamba, na wanafunzi waone kwamba wakilima vizuri watakula vizuri. Maana yake hesabu ya faida na hasara iwe mikononi mwao. Sote tunajua ilikoishia kwenye shule nyingi: mtoto akichelewa kengele anapewa jembe. Kazi ikawa adhabu, na hesabu ya mavuno akaijua mwalimu wa zamu peke yake. Tukirudia hilo kwenye amali, watoto watachukia cherehani kama tulivyochukia kufyeka.

Kuhusu sheria nitasema kidogo, maana wazazi wana haki ya kuuliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kuajiriwa mgodini, kiwandani au popote penye hatari. Sheria hiyohiyo imeacha nafasi ya mafunzo, kwa sharti kwamba afya, usalama na maadili ya mtoto vinalindwa na amepewa maelekezo ya kutosha. Kwa lugha ya mtaani: mwalimu aende apaone mahali kabla ya mtoto. Aangalie mashine ya kupasulia mbao kama ina kinga, kama kuna miwani ya kuchomelea ya mtoto na siyo ya fundi peke yake, kama kuna choo. Na iandikwe mapema, kidole kikikatwa, nani anampeleka hospitali na nani analipa. Mabinti wapelekwe wawili wawili, na binti akisema hataki kurudi mahali fulani, asilazimishwe kutoa maelezo mbele ya watu.

Mafundi, na ninyi mna lenu. Wengi wenu ujuzi mmeupata mtaani, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi wa namna yenu. Uchukueni. Fundi mwenye cheti ana neno mbele ya mkuu wa shule. Anaweza kusema mtoto huyu hajaiva, asisainiwe. Sasa hivi mnasaini kwa huruma, na saini ya huruma inamwumiza mtoto siku ya tathmini.

Daftari nalo lisiwe la mahudhurio. Nimeona madaftari yameandikwa "amehudhuria, tabia njema" kurasa zote. Liandikwe alichokigusa: leo kafungua breki ya nyuma ya pikipiki, kaifunga mwenyewe, fundi kaikagua, ilikuwa imelegea, karudia. Mistari miwili inatosha. Na lile kosa lisifichwe.

Kabla hatujaanza mzee mmoja aliniuliza pembeni: mtoto atalipwa? Mwanzoni hapana, na shule isimwahidi. Lakini nauli na chakula cha mchana visiwe vya fundi. Shule na mzazi wakae wagawane, na kama havipatikani, mtoto apangiwe fundi wa kufikika kwa miguu, hata kama siye fundi maarufu kuliko wote mjini. Akifika mahali anafanya kazi ambayo fundi anamtoza mteja, hapo fundi ampe chochote, na kiasi kiandikwe kwenye makubaliano kabla, mzazi akiwepo, ili yasije maneno.

Maswali sasa. Tuanze na mafundi.