Lango, Tarumbeta na Chumba cha Tobia

MCHUNGAJI: Karibuni tena. Leo tunaongelea ulinzi wa mifumo ya serikali, na naanzia Zaburi ya 127: “Bwana asipoulinda mji, yeye aulindaye akesha bure.” Aya hii mara nyingi husomwa kana kwamba mlinzi ameambiwa akalale. Sivyo. Nehemia 4:9 inayaweka mawili pamoja: waliokuwa wakijenga upya ukuta wa Yerusalemu walimwomba Mungu, na wakaweka walinzi mchana na usiku. Injinia, tuanze na lile la Julai 2023.

INJINIA: Asante, Mchungaji. Mwishoni mwa Juni mwaka huo serikali ya Kenya ilizindua upya eCitizen, tovuti ya huduma zake, ikiwa na huduma zaidi ya 5,000. Mwezi haujatimia, kikundi kinachojiita Anonymous Sudan kikaishambulia. Waliokuwa wakiomba pasipoti na leseni za udereva wakakwama, tiketi za treni na tokeni za stima zikasumbua, na wageni ikabidi wapewe viza wakishatua.

MCHUNGAJI: Na wengi wakaogopa kwamba taarifa zao zimeibwa.

INJINIA: Waziri alisema hakuna data iliyopotea, na shambulio la aina ile kazi yake si kuiba. Chukua benki yenye mlango mmoja. Mtu analeta umati usio na shida yoyote ya benki, wanapanga foleni, kila mmoja anauliza swali, anaondoka, anarudi mwisho wa foleni. Kufuli halijaguswa, lakini mama mwenye haja hafiki dirishani. Seva, yaani kompyuta inayoendesha tovuti, nayo husongwa hivyo hivyo kwa maombi ya uongo.

MCHUNGAJI: Basi unawazuiaje wale wa uongo bila kumfungia mama?

INJINIA: Unawachuja kabla hawajafika mlangoni. Maombi yote yapite kwanza kwenye kichujio chenye uwezo mkubwa kuliko seva yako, na kila anwani ya mtandao inayotuma maombi iwekewe kiwango chake kwa dakika. Sasa sikiliza linapoharibika: ofisi inanunua kichujio kwa pesa nyingi, lakini anwani ya zamani ya seva bado inajibu. Mshambuliaji anaitafuta kwenye rekodi za zamani, anapita kando ya kichujio, anagonga mlango wa nyuma. Ukishaweka kichujio, badilisha anwani ya seva, halafu iamuru ikatae ombi lolote lisilotoka kwenye kichujio. Hatua hiyo ya mwisho haina gharama kubwa, na ndiyo inayosahaulika.

MCHUNGAJI: Hapo namkumbuka Nehemia 7:3, malango ya Yerusalemu yasifunguliwe mpaka jua liwe kali. Ukuta ulikuwa umekwisha, kwa siku 52, na bado alikaa akipanga saa za mlango. Tena malango yalikuwa mengi: la Kondoo, la Samaki, la Jaa.

INJINIA: Na sisi tumeleta watu wote lango moja. Siilaumu nia yake. Malipo yakipita Paybill moja, namba ya kulipia kwa simu, ya 222222, mianya ya wizi wa mapato inapungua. Lakini kila huduma inayohamia huko iwe na njia ya pembeni iliyoandikwa: fomu za karatasi zenye namba za mfululizo, jina la ofisa anayezitunza, na utaratibu wa kuziingiza mfumo ukirudi. Ifanyiwe mazoezi, hata mara mbili kwa mwaka. Viza ya kutolewa uwanjani ilisaidia kwa sababu haikuingojea tovuti.

MCHUNGAJI: Ezekieli 33 inasema mlinzi akiuona upanga unakuja asipige tarumbeta, damu itatakwa mkononi mwake. Sheria yetu ina tarumbeta?

INJINIA: Inayo. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2018, kifungu cha 40, inataka shambulio liripotiwe kwa kamati ya kitaifa, NC4, ndani ya saa 24. Data za watu zikivuja, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatoa saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Kinachochelewesha ni aibu. Mkubwa anataka ajue kila kitu kwanza ndipo aseme. Ripoti ya kwanza iseme tu limeanza saa ngapi, mfumo gani, dalili gani, umefanya nini mpaka sasa. Mengine yatafuata. Ukinyamaza, ofisi jirani inapigwa kwa mbinu ile ile kesho yake.

MCHUNGAJI: Kuna sura wahubiri tunaipita haraka mno, Nehemia 13. Nehemia amesafiri kwa mfalme. Huku nyuma kuhani Eliashibu anampa Tobia chumba ndani ya nyua za nyumba ya Mungu. Tobia yule yule aliyeudhihaki ukuta! Na 6:17 inaonyesha wakuu wa Yuda walikuwa wakiandikiana naye barua kitambo.

INJINIA: Huyo kwetu ni mkandarasi aliyemaliza kazi zamani na akaunti yake bado iko wazi. Au nywila moja inayotumiwa na watu sita. Dawa yake: kila mwezi linganisha orodha ya akaunti na orodha ya mishahara na mikataba, mtu akiondoka, akaunti ifungwe siku hiyo hiyo, nywila za pamoja zibadilishwe.

MCHUNGAJI: Tazama na mpangilio wa Nehemia. Kwanza alitupa nje vyombo vya Tobia. Pili akaamuru vyumba vitakaswe. Tatu ndipo akarudisha vyombo vya nyumba ya Mungu.

INJINIA: Mpangilio huo ni sahihi kabisa. Kumtoa adui, kusafisha, kurejesha. Tunapokosea ni kuruka la pili, kwa sababu wananchi wanalalamika na bosi anataka mfumo urudi jioni. Bakapu, yaani nakala ya akiba ya data, inarudishwa kwenye seva ambayo bado ina mlango wa siri, na baada ya siku chache mdukuzi yuko ndani tena.

MCHUNGAJI: Niseme jambo moja kwa serikali pia. Danieli 6 ni habari ya sheria iliyotungwa kumnasa mtu mmoja. Sheria ya ulinzi ikigeuzwa ya kumkamata anayekosoa, haiulindi mji tena. Na anayeuona udhaifu wa mfumo akauripoti kwa nia njema hapaswi kuishia mahabusu.

INJINIA: Nakuunga mkono, maana wa pili atakaa kimya. Lakini umetaja bakapu ulipoandaa kipindi, ukasema iko Yeremia.

MCHUNGAJI: Yeremia 32. Amenunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, mji umehusuriwa. Hati ni mbili, moja imetiwa muhuri, nyingine iko wazi, na zote zinawekwa katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi.

INJINIA: Iliyo wazi ya kusoma kila siku, yenye muhuri ya kuthibitisha kwamba hakuna aliyeichezea. Sisi tunataka nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 ikae mbali, haijaunganishwa na mtandao. Kisha kila robo mwaka mfungue chombo: mchukue kompyuta tupu, mrudishe bakapu, mpime muda, na mhesabu rekodi kama zimetimia.