Kidoa Kwenye Kiwiko

ELIA: Karibuni tena. Leo kesi ni ya nyumbani kwangu. Dada Zuhura, mtaalamu wetu wa picha za eksirei, mwanangu alipokuwa na miaka 6 alidondoka kwenye bembea, kiwiko kikavimba. Usiku ule akapigwa picha, daktari wa zamu akainua filamu kwenye taa, akatuonyesha kipande kidogo kimekaa peke yake pembeni. "Mfupa umemeguka huu." Hogo wiki tatu! Siku ya kulitoa, mwingine akaitazama filamu ileile akasema, mbona huyu hakuvunjika?

ZUHURA: Kipande kilikuwa upande gani? Wa kidole gumba, au wa ndani, ule unaogusa mbavu?

ELIA: Wa ndani.

ZUHURA: *(anacheka)* Nilijua tu. Mvulana, miaka 6, upande wa ndani. Inaelekea kipande kilikuja kwa wakati wake.

ELIA: Kikija kutoka wapi?

ZUHURA: Ukila paja la kuku, si unafika kwenye ile nyeupe ya mwishoni, unaitafuna? Hiyo gegedu. Ncha za mifupa ya mtoto mdogo nyingi ni hiyo, na eksirei haiitofautishi na nyama. Kichanga ukimpiga picha ya mkono, kati ya kigasha na kiganja unaona patupu. Vifupa vinane vipo, ila bado ni gegedu. Baadaye katikati ya gegedu kinaanza kidoa cha mfupa, kinakua mpaka kinaungana na mfupa mkubwa. Kiwiko kina vidoa sita.

ELIA: Vinatokea pamoja?

ZUHURA: Vingetokea pamoja tungekuwa tunalala mapema. Tunavikariri kwa namba witiri: miaka 1, 3, 5, 7, 9, 11. Ni makadirio, na wasichana hutangulia. Lakini usiishike sana miaka, shika foleni. Cha tatu ndicho hicho cha mwanao. Cha nne hutokea jirani yake, kuelekea katikati ya kiungo. Sasa nikuulize: nimeona kidoa mahali pa cha nne, na mahali pa cha tatu hapana kitu. Utasemaje?

ELIA: Cha tatu kimechelewa.

ZUHURA: Umeshamharibia mtoto mkono! Cha tatu kimeng'olewa na misuli inayokishikilia, kikaingia ndani ya kiungo, sasa kinajifanya cha nne. Huyo anamhitaji daktari wa mifupa haraka, pengine na upasuaji.

ELIA: Kumbe. Kwa hiyo yule daktari wa usiku...

ZUHURA: Mimi simlaumu sana. Mtoto alikuwa na uvimbe kweli, na nyufa nyingine hazionekani siku ya kwanza. Ninayemlaumu ni anayejaza fomu ya picha. Mahali pa umri anaandika "mtoto". Mtoto wa miezi 8 au wa miaka 11? Zamani tulikuwa tunapiga na mkono wa pili, usioumia, ili kulinganisha; siku hizi tunajizuia, kwa nini umwongezee mionzi wakati tarehe ya kuzaliwa ingetosha?

ELIA: Hayo ya kiwiko. Na kwingine?

ZUHURA: Kifua, ndiko kwenye hadithi inayouma. Juu ya moyo wa mtoto mchanga kuna tezi inaitwa thaimasi. Kwake ni kubwa, na kwenye picha wakati mwingine inachomoza pembeni na ncha, kama tanga la ngalawa. Mama akisikia "kuna kitu kifuani", halali. Sasa mwanzoni mwa karne ya 20, Marekani na Ulaya, madaktari waliamini tezi hiyo ndiyo inayowakaba watoto wanaokufa ghafla.

ELIA: Waliitoa wapi hiyo?

ZUHURA: Kwa maiti. Waliokuwa wakipasuliwa zaidi walikuwa masikini na waliougua muda mrefu, na maradhi na njaa huinyausha ile tezi. Iliyonyauka ikachukuliwa kuwa saizi ya kawaida. Kisha anapasuliwa mtoto aliyekufa ghafla akiwa amenawiri, tezi yake inaonekana jitu.

ELIA: Wakafanyaje?

ZUHURA: Wakawapiga watoto wazima mionzi ya tiba, shingoni na kifuani, ili tezi isinyae. Miaka ya 1950 zikaanza kutoka ripoti kwamba baadhi yao wanapata saratani ya tezi ya shingo.

ELIA: Daah. Kwa kitu cha kawaida.

ZUHURA: Kwa kutojua kawaida ya umri ule ikoje.

ELIA: Kuna msikilizaji anauliza habari za wacheza mpira wanaopunguza umri.

ZUHURA: FIFA walianza kuwapima kwa MRI, picha ya sumaku isiyotumia eksirei, kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, Nigeria, mwaka 2009. Wanaangalia kama ncha ya mfupa wa kigasha, hapo juu ya kiganja, imeshaungana kabisa, dalili kwamba huenda umri huo ameshauvuka. Tuiwekee kipindi chake, maana nina ugomvi na atlasi maarufu ya umri wa mifupa, kitabu cha picha tunacholinganishia: watoto wake ni wa familia za Kizungu zenye uwezo, Cleveland, Marekani, miaka ya 1930. Wa Tandahimba ndiyo tunampimia humo humo.

ELIA: Kabla hatujafunga: zile wiki tatu za hogo zilimdhuru?

ZUHURA: Kiwiko kinakakamaa kidogo, kisha kinajinyoosha chenyewe akicheza. Alichukua muda gani kurudi mchezoni?

ELIA: Jioni ileile nilimkuta kwenye bembea.