Mrembo wa Ndani ya Pakiti

Mabibi na mabwana, kadi hii yenye picha ya mrembo mnayoiona ukutani ilianza kama kipande tu cha karatasi ngumu. Miaka ya 1870 pakiti za sigara Marekani zilikuwa laini, na sigara zilivunjikia mfukoni. Kadi iliwekwa kuzikinga. Kisha wenye viwanda wakaona uso wa kadi unakaa bure. Kampuni ya Allen & Ginter ya Richmond, Virginia, ikachapa ndege, mabondia na, bila shaka, warembo.

Mimi namtazama zaidi James Buchanan Duke, mwenye kiwanda cha sigara wa Durham, North Carolina. Mwaka 1884 alifunga mashine ya James Bonsack, iliyotoa sigara kama 120,000 kwa siku. Msokotaji wa mkono, hata awe hodari vipi, 3,000 ni jasho. Ghafla Duke ana sigara nyingi kuliko wavutaji. Afanyeje? Akajaza pakiti waigizaji wa kike wa majukwaani, miguu imebanwa na soksi ndefu, zama ambazo mwanamke wa heshima alificha hata kifundo cha mguu. Na picha zilikuja kwa seti: ukishapata kumi, unaitafuta ya kumi na moja.

Baba yake, Washington Duke, Mmethodisti wa dhati, alimwandikia mwaka 1894 akilalamika kwamba picha hizo zinaharibu vijana. Angalieni vizuri: mzee alikerwa na picha, sigara zenyewe hakuzilaumu!

Na mrembo huyo hakuwekwa ili wanawake wenzake wanunue. Mwanamke kuvuta hadharani ilikuwa aibu. Walengwa walikuwa wanaume, pamoja na wavulana waliowaomba wavutaji kadi barabarani. Wasichana wa Richmond waliosokota sigara kwa vidole vyao je? Sijawahi kuona kadi yenye sura ya hata mmoja wao.

Mwaka 1890 Duke aliwaunganisha washindani wake wanne na yeye katika American Tobacco Company. Sasa hakuna wa kumpiku, na miaka iliyofuata kadi zikapungua. Zilirudi kwa kishindo kuanzia 1909, safari hii zikiwa na wachezaji wa besiboli. Moja ya hizo, ya Honus Wagner, iliuzwa dola milioni 7.25 mwaka 2022. Waigizaji wa Duke, walio wakongwe zaidi, bado mtu wa kawaida anaweza kuwanunua.