Mgeni wa Siku Mbili

Mwenyekiti, walimu wenzangu wa michezo, na ninyi maafande mliokaa karibu na mlango kana kwamba mnamsubiri mshukiwa, hamjambo. Nimepewa nusu saa nieleze jinsi ushindi wa michezo unavyoinua moyo wa taifa. Wanaonijua wameshaanza kucheka, maana wanajua nitaanzia wapi. Ndiyo, nitaanzia 1972. Vumilieni.

Tarehe 2 Septemba 1972, Olimpiki ya Munich, fainali ya mita 400 za viunzi. John Akii-Bua, askari polisi wetu wa Uganda, mtoto wa Lango, amepangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa. Mnaofundisha viunzi mnaijua njia hiyo. Kona yake inakubana kama kiatu cha kuazima. Ukimwona mwanafunzi wako amepewa hiyo, unampigapiga bega na kumwambia ajitahidi tu. Kwenye fainali hiyo yuko David Hemery wa Uingereza, bingwa wa 1968, yuko pia Ralph Mann wa Marekani. Akii-Bua akamaliza kwa sekunde 47.82. Hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kukimbia mita 400 za viunzi chini ya sekunde 48. Na alipomaliza hakuanguka chini kama wenzake. Akazunguka uwanja akirukaruka, kana kwamba viunzi kumi havikumtosha.

Wasemaji wengi huishia hapo, watu wakapiga makofi, tukaenda kula. Mimi siishii hapo. Tazameni nyumbani wiki ile. Mwezi mmoja kabla, Rais Idi Amin alikuwa ametangaza kwamba Wahindi wana siku 90 kuondoka. Na tangu 1971 askari Walangi na Waacholi walikuwa wakiuawa kambini. Serikali hiyohiyo ndiyo iliyompokea Mlangi huyu kwa ngoma. Barabara moja ya Nakasero, Kampala, ina jina lake hadi leo. 1976 nchi za Afrika zikasusia Olimpiki ya Montreal, hakukimbia huko hata hatua moja. 1979 alikimbilia Kenya na familia yake, mkimbizi kama wakimbizi wengine. Nishani haikuwa ngao.

Hapa kila mara anainuka kijana mmoja, hata leo namwona anajiandaa, aniulize: Mwalimu, basi furaha ile ilikuwa ya uongo?

La. Keti nikujibu. Marehemu baba yangu alikuwa kibarua Jinja. Habari ilipoingia redioni, waliacha mashine. Mhasibu wao alikuwa Mhindi, mzaliwa wa Jinja, anayezungumza Kisoga vizuri kuliko baba. Mtu huyo alikuwa na karatasi za safari mfukoni. Alituma mtoto dukani, akaleta kreti nzima ya soda, akasimama juu ya sanduku akapiga kelele, "Tumeshinda!" Tumeshinda, amesema. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameondoka. Baba hakuweza kusimulia mbio zile bila kumtaja mtu wa soda. Kwa hiyo mtu asiniambie ile furaha ilikuwa propaganda. Propaganda ilikuja baadaye, ikiwa imevaa sare. Furaha ilifika kwanza, kwa miguu yake, na ilimkuta hata yule aliyekuwa anafukuzwa.

Sasa sikilizeni, hili nimelisema Soroti, nimelisema Tororo, nitalisema hadi mnifungie mlango. Waswahili walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ushindi ni mgeni. Anakuja, tunamchinjia kuku, tunampigia ngoma, siku mbili nchi nzima inatembea kifua mbele. Siku ya tatu jembe liko wapi? Tunamwacha mgeni kitini, tunakaa naye, tunamsifu, hadi anachoka mwenyewe anaaga. Kisha tunasubiri miaka 40 aje mwingine.

Si mzaha, ni 40 kamili. Tarehe 12 Agosti 2012, Jumapili, London, siku ya mwisho ya Olimpiki. Nilikuwa hapa Mbale, kwenye kibanda cha fundi simu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na televisheni na umeme kwa wakati mmoja. Tulikuwa kama watu kumi na watano, na mwuza roleksi, ile chapati ya kukunjia mayai, nje, amegeuza shingo ndani. Ni marathoni, na mbele wako watatu: Wakenya Abel Kirui na Wilson Kipsang, na kijana wetu Stephen Kiprotich wa Magereza. Bwana mmoja mgeni kutoka Kampala akauliza, "Lakini huyo Kiprotich si Mkenya?" Kulikuwa na fundi pikipiki, Msabiny wa Kapchorwa, kule karibu na mpaka wa Kenya, mtu mpole ambaye kwa miaka yote watu wa mtaa walimwita Mkenya kwa utani. Hakujibu. Alitoa kitambulisho chake akakiweka juu ya meza.

Kiprotich akawatoka kilomita chache kabla ya mwisho. Mayai ya roleksi yaliungua, tuliyanusa wote, hakuna aliyelalamika. Saa tisa na dakika chache alasiri akakata utepe, saa mbili, dakika nane na sekunde moja, bendera mkononi. Yule bwana wa Kampala alimkumbatia fundi pikipiki hadi akajipaka oili shati lote jeupe. Kuanzia siku ile hakuna aliyemwita Mkenya tena. Hilo ndilo ninaloliita kuinua moyo. Maneno makubwa ya umoja wa kitaifa naachia wabunge. Mimi nimeona mtu mmoja akirudishiwa nchi yake mezani, karibu na sahani ya chapati.

Najua, najua. Kuna atakayesema alifanya mazoezi Kenya, kwa hiyo ushindi ni nusu wao. Sawa. Tuwape nusu ya jasho, dhahabu ibaki hapa. Na kuna atakayesema dhahabu hailipi karo. Ya Kiprotich ililipa, rais alimpa dola 80,000. Ya kwako haikulipa kwa sababu hukukimbia. Lakini swali langu si lake wala lako. Swali langu ni mtoto wa Kapchorwa aliyeanza kukimbia Jumatatu ile asubuhi. Alipewa kiwanja gani? Viatu gani? Mwalimu yupi?

Mnataka mfano wa karibu? Mpira. Nitapita haraka. Tarehe 4 Septemba 2016, uwanja wa Namboole, Farouk Miya anaifunga Komoro, moja bila, tunafuzu Kombe la Afrika la 2017, miaka 39 tangu ile fainali ya 1978 tuliyofungwa na Ghana. Watu walilia, mimi mmoja wao, na wala mpira si mchezo wangu. Machi 2023 mechi yetu ya nyumbani dhidi ya Tanzania ilichezwa wapi? Ismailia. Misri! Hatukuwa na kiwanja kilichokubalika. Tumefungwa nyumbani kwetu, Afrika Kaskazini. Mgeni alipewa kiti, jembe halikuonekana.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kuwaeleza habari za wanawake kwa urefu, maana ndio tunaowasahau kwanza: Dorcus Inzikuru, Helsinki 2005, bingwa wa kwanza wa dunia wa mita 3,000 za viunzi na maji kwa wanawake. Halimah Nakaayi, Doha 2019, mita 800. Peruth Chemutai, Tokyo, mwanamke wa kwanza wa Uganda kuleta dhahabu ya Olimpiki. Kila mmoja anastahili mhadhara wake, mniite tena. Na Joshua Cheptegei, nilikuwapo Kololo, Kampala, Machi 2017 alipokuwa anaongoza mbio za nyika za dunia mbele ya watu wake, miguu ikamkatikia mzunguko wa mwisho, akamaliza wa 30. Paris 2024 alichukua dhahabu ya mita 10,000. Katikati ya hayo mawili kuna miaka saba ya kulima. Hilo nalo nimelikata, basi.

Dakika moja tu, Mwenyekiti, niulize swali. Kipindi cha michezo kipo kwenye ratiba ya kila shule hapa. Walimu ambao muhula huu hawajakitoa hata mara moja kiende kwa hesabu, inueni mikono.

Naona miwili. Na mmoja ni wa afande.