Konstebo Aliyeuawa Haiti

HALIMA: Karibuni wasikilizaji. Leo tunamkumbuka Konstebo Samuel Tompoi Kaetuai wa Kajiado, aliyeuawa Haiti tarehe 23 Februari 2025. Ndiye Mkenya wa kwanza kuuawa huko kutoka kikosi cha kimataifa kilichoongozwa na Kenya kuwasaidia polisi wa Haiti dhidi ya magenge.

OTIENO: Walikuwa wakipambana na magenge kule mkoa wa Artibonite. Alipigwa risasi, akakimbizwa hospitalini kwa ndege, akafariki. Maskini, kijana mdogo tu.

HALIMA: Kuna jambo linanikaa moyoni, Otieno. Wakenya wa kwanza walitua Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024.

OTIENO: Siku waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha walipoingia Bunge.

HALIMA: Siku hiyo hiyo vijana wetu walipigwa risasi hapa Nairobi. Ndiyo maana habari za polisi kuuawa zikija, wako wanaosema "wacha wafe." Maneno hayo nimeyasikia kwenye matatu na yaliniuma sana.

OTIENO: Dada, aliyezika mwanawe Juni ile siwezi kumfundisha namna ya kulia. Lakini konstebo naye ni mtoto wa watu. Hapa hapa Nairobi kuna kambi za polisi ambako familia mbili zinagawana nyumba moja, katikati pazia. Karo inawakaba kama inavyotukaba sisi. Naidai haki ya vijana wa Juni, na bado namlilia Kaetuai. Sioni kwa nini nichague.

HALIMA: Yeye angalau alirudishwa, akazikwa kwao. Konstebo Benedict Kabiru je?

OTIENO: Hiyo ilikuwa tarehe 25 Machi, mwezi mmoja tu baadaye. Gari la polisi wa Haiti lilikwama kwenye mtaro, inadhaniwa ulichimbwa na magenge. Wakenya wakaenda kuwanasua wenzao, wakavamiwa. Kabiru hakuonekana tena.

HALIMA: Kikosi kikasema ametoweka. Miezi ikapita. Kisha Septemba, kwenye Umoja wa Mataifa, kiongozi wa baraza la mpito la Haiti akamtaja miongoni mwa waliokufa. Ebu fikiria ni ndugu yako, na habari ya kifo chake unaipata kwenye hotuba ya mgeni!

OTIENO: Utaanzaje matanga? Wazee watakaa kikao cha nini, kama hakuna mwili na hakuna taarifa kamili ya yaliyotokea?

HALIMA: Na hapo ndipo namwona mzazi wa kijana aliyetekwa mtaani baada ya maandamano yale na mzazi wa Kabiru wakisimama mlango mmoja. Wote wanauliza mwanangu yuko wapi.

OTIENO: Basi serikali iwajibu wote. Kwa Kabiru, waje nyumbani wakiwa na taarifa kamili: alionekana wapi mara ya mwisho, nani aliutafuta mwili, walifika wapi. Wakae na familia mpaka maswali yaishe, hata kama ni siku nzima.